Kilichokuwa Ghali ni Tarehe: Kisa cha Nyumba Mpya na Orodha ya Fanicha

Wanandoa hawa walihamia nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala, sebule na jiko. Walikotoka walikuwa wakiishi kwenye nyumba iliyokuwa na kila kitu cha mwenye nyumba, kwa hiyo walipoondoka waliondoka na godoro lililochoka, meza ya kukunja na viti viwili vya plastiki. Wana mtoto wa miaka minne, na mama mzazi wa mume anaishi nao. Nitawaita mume, mke na bibi, maana majina yao si muhimu hapa. Mishahara yao ni ya kawaida, lakini walikuwa wameweka akiba maalumu ya fanicha na walijua jumla yake. Hilo peke yake liliwaweka mbele ya wanunuzi wengi.

Nilipoombwa niitazame orodha yao, walikuwa wameshabishana juu yake mpaka wamechoka. Ilikuwa na vitu kumi na tisa: sofa ya kona, meza ya katikati, stendi ya televisheni, zulia, meza ya kulia na viti sita, kabati la vyombo, vitanda vitatu na magodoro yake, makabati mawili ya nguo, na kuendelea mpaka taa ya kusimama na rafu ya viatu. Mume alitaka kukata vitu vya mkewe, mke naye alitaka kukata vya mumewe. Juu kabisa ya karatasi, kwa wino mwekundu, palikuwa na tarehe: Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo ndugu na marafiki wangekuja kuiona nyumba. Zilikuwa zimebaki wiki tatu hivi.

Mtu akipewa orodha kama hii huanza kuuliza kipi ni cha lazima na kipi ni cha anasa. Si vibaya, ila mabishano ya aina hiyo hayana mwisho, kwa sababu kila mmoja anacho cha lazima chake. Mimi nilianza na ile tarehe. Vitu kumi na tisa ndani ya wiki tatu maana yake ni kwamba fundi seremala ametoka kwenye hesabu, kwani kwa muda huo hawezi kuchonga hata nusu yake. Vilivyotumika navyo vimetoka, kwa kuwa huwezi kukaa ukisubiri kizuri kijitokeze. Kilichobaki ni duka lenye mzigo tayari, na hapo unanunua kilichopo kwa bei iliyopo. Fedha ikipungua katikati unachukua mkopo wa dukani, kwa sababu wageni hawasubiri mshahara. Tarehe moja iliyoandikwa kwa kalamu ilikuwa imewafungia milango yote ya nafuu kabla hawajatoka nyumbani.

Nilipolisema hilo, mke alimgeukia mumewe: "Sasa wageni wakae wapi, mume wangu, sakafuni?"

"Viti si vinaazimwa?"

Jibu lilikuwa sahihi, ila halikupokelewa vizuri, na nadhani naelewa kwa nini. Fanicha ya sebuleni hununuliwa kwa ajili ya macho ya watu wengine kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba. Hakuna aibu kulikubali hilo. Lakini ukishalikubali, unaweza kujiuliza macho hayo yatakaa nyumbani kwako saa ngapi, na wewe utakaa miaka mingapi na kile ulichonunua kwa ajili yao.

Kabla sijaiona orodha, walikuwa wameshapita kwenye duka moja kubwa na kuipenda sofa ya kona. Kibandiko chake kilikuwa na bei mbili, ya juu imekatwa mstari, ya chini imeandikwa kwa rangi nyekundu, na pembeni maneno kwamba punguzo linaisha Jumapili. Mume aliniambia kwa furaha kiasi ambacho "wangeokoa". Nikamuuliza: kabla ya kuingia dukani, mlikuwa mmepanga sofa iwe ya kiasi gani? Hawakuwa wamepanga. Walijua jumla ya akiba, lakini hapakuwa na kiwango cha kitu kimoja kimoja.

Kibandiko kilikuwa kimewapangia. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio lao ambamo watu walizungushiwa gurudumu la namba, kisha wakaulizwa ni asilimia ngapi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zinatoka Afrika. Waliotokewa na 10 walikisia 25 kwa wastani wa kati, na waliotokewa na 65 walikisia 45. Gurudumu halikuwa na uhusiano wowote na swali, na watu waliliona likizunguka mbele yao, bado likawavuta. Bei iliyokatwa mstari hufanya kazi ile ile, tena kwa nguvu zaidi kwa sababu inaonekana kama habari ya kweli. Mtu akishaiona, bei ya chini anailinganisha na ya juu, wala hailinganishi na mfuko wake.

Dawa yake haihitaji werevu. Gawa akiba nyumbani, kitu kwa kitu, uandike kiwango cha kila kimoja, halafu ndipo uende. Walipofanya hivyo jioni ile, sofa ya kona, kwa bei ile ile ya punguzo, ilikuwa inakula karibu nusu ya akiba yote, na magodoro yalikuwa yamebakiwa na makombo. Mke ndiye aliyeliona kwanza, akacheka.

Siku iliyofuata tulipima. Sebule ilikuwa mita 3.6 kwa 4.2, na sofa, kwa vipimo vya dukani, ilikuwa mita 2.8 upande mmoja na 2.2 upande wa pili, kina sentimita 95. Kwenye karatasi inaingia bila shida. Tulichukua magazeti, tukayapanga sakafuni kwa umbo lake kamili na kuyabana kwa gundi ya karatasi. Meza ya katikati tuliipangia magazeti yake pia, ikiwa mbali na sofa kwa sentimita 40 hadi 45, umbali ambao mtu anafikia kikombe bila kuinuka na bado miguu inapita. Stendi ya televisheni ikawekwa ukutani. Kisha tukaishi na magazeti hayo jioni nzima. Mlango unafunguka kwa ndani, ukawa unagonga kona ya "sofa". Njia ya kutoka mlangoni kwenda jikoni ilibaki na sentimita 50 hivi, wakati njia ambayo watu wanapita kila mara inataka 75 hadi 90. Mtoto alikuwa anakimbia juu ya magazeti kwa sababu hapakuwa na kwingine pa kupita.

Naiamini kazi hii ya magazeti kuliko programu zote za simu zinazochora chumba. Programu inakuonyesha chumba kikiwa kimetulia. Magazeti yanakuonyesha mtu mwenye sinia mikononi akitafuta pa kuweka mguu.

Bibi alikuwa hajaulizwa chochote mpaka hapo. Mwanawe alidhani atapenda chochote laini. Tulikwenda naye dukani akaikalie ile sofa, na alikaa vizuri tu. Tatizo lilikuwa kuinuka. Aliweka mikono pembeni, akajivuta mbele, akarudi nyuma, akajaribu tena mpaka mke akampa mkono. Aliposimama alisema, "Mwanangu, hili ni la kulalia. La kukalia liko wapi?"

Nilitoa tepu. Kiti kilikuwa sentimita 38 kutoka sakafuni, na kina cha kukalia kilikuwa 65. Kiti cha kawaida kinachomfaa mtu mzima huwa na kimo cha sentimita 43 hadi 46 hivi, na kwa mtu wa magoti mabovu ni afadhali kizidi kidogo kuliko kipungue. Kina nacho kina kazi yake: kikiwa kirefu kuliko paja, mgongo haufiki kwenye egemeo, na mtu anakaa amekunjamana au amening'iniza miguu. Sofa za chini zenye kina kirefu zinapendeza kwenye picha na zinamfaa kijana anayetazama filamu amejilaza. Katika nyumba yenye mzee zinageuka kitu anachokiogopa mwenyewe kimyakimya. Bibi angekaa kwenye kiti cha plastiki miaka yote na asingesema kitu. Kwangu mimi sofa ya kona ilikufa pale, kabla hata ya hesabu ya fedha.

Tukiwa bado dukani niliomba mto mmoja wa kukalia, nikaunyanyua. Sponji hupimwa kwa uzito wake kwa mita moja ya ujazo, na kwa viti vinavyokaliwa kila siku inatakiwa kilo 30 hivi au zaidi. Muuzaji mara nyingi hajui namba hiyo, ila mzani unaijua. Mto wa sentimita 60 kwa 60 wenye unene wa 12, bila foronya, ukiwa na sponji ya kilo 30 utakuwa na uzito wa kilo 1.3. Ukiwa na sponji ya kilo 18, hautafika gramu 800. Ule wa dukani ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mume alicheka alipoushika. Sponji ya namna hiyo inakaa vizuri siku ya kuuzwa, na baada ya muda si mrefu unakalia mbao.

Kuhusu mkopo nitasema kidogo tu, kwa sababu hawakuuchukua. Duka liliwapa nafasi ya kulipa kwa miezi kumi na miwili, kila mwezi sehemu moja ya kumi ya bei ya taslimu. Mume alipiga hesabu akaona ni nyongeza ya asilimia 20, akasema si mbaya kwa mwaka mzima. Hesabu hiyo inasahau kwamba deni linapungua kila mwezi, na kufikia mwezi wa saba umeshalipa zaidi ya nusu ya bei. Ukihesabu riba kwenye deni linalobaki, inafika karibu asilimia 3 kwa mwezi, yaani kama 35 kwa mwaka. Aliyeziona namba hizo mbili pamoja hahitaji mahubiri.

Kabati la nguo lina hadithi yake. Mke alikuwa amelichagua moja lenye kimo cha sentimita 236, na dari ya chumba ni 240. Kwa vipimo hivyo linaingia, tena kwa nafasi ya kubaki. Ila kabati la kipande kimoja huingizwa chumbani likiwa limelala, kisha linasimamishwa. Likiwa linainuka, kinachopita chini ya dari si kimo chake, ni mstari wa mshazari kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kwa kina cha sentimita 60, mstari huo ni sentimita 243.5. Kabati lingegota dari likiwa halijasimama, na wabebaji wangekuwa wanatazamana. Ni hesabu ya darasani ya pembetatu mraba, ambayo wengi tuliisoma tukiuliza itatusaidia nini maishani. Ama ununue linalofungwa vipande vipande na kusimamishwa likiwa bado fremu, ama uchague fupi zaidi.

Na kwa kuwa kuna mtoto wa miaka minne, kabati refu na droo lazima vifungwe ukutani. Mtoto huvuta droo zote akazifanya ngazi, na uzito wote ukihamia mbele kabati linamwangukia. Marekani walipitisha sheria juu ya jambo hili mwaka 2022, na makabati ya nguo yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2023 ili yauzwe huko lazima yapite jaribio la kutopinduka. Popote ulipo, kamba au bamba la chuma la kufungia ukutani ni kitu cha bei ndogo sana, na ningekiweka juu ya taa ya kusimama katika orodha yoyote ile.

Basi wakafanya nini? Waliifuta tarehe kama siku ya mwisho ya kununua, wakaiacha iwe siku ya wageni. Ndani ya wiki zile tatu walinunua vitanda na magodoro tu. Mwili unakaa juu ya godoro saa saba au nane kila usiku, na ni vigumu kupata fanicha nyingine inayotumika kiasi hicho, hata kama mgeni halioni. Viti vya siku ya wageni walivikodi. Sitasema siku ilipita bila doa. Kuna ndugu mmoja aliyetamka kwa sauti, "Mbona sebule iko tupu hivi?" na mke aliumia, akawa na kinyongo na mumewe siku kadhaa. Hiyo nayo ni gharama, hata kama haiandikwi kwenye risiti, na wanaoshauri watu "wasinunue kwa ajili ya wengine" huipita kana kwamba haipo.

Baadaye mambo yalikwenda taratibu. Sofa ya watu watatu, ya kunyooka, walimpa fundi, na pembeni kiti kimoja chenye mikono cha bibi, kimo sentimita 46, mikono ikiwa imara kiasi cha kumbeba mtu anapojisukuma. Fundi waliandikiana naye: vipimo, aina ya mbao, uzito wa sponji, na malipo yaende hatua kwa hatua, sehemu ya mwisho ikitolewa mzigo ukishakaguliwa. Walikwenda kuiona fremu kabla haijavikwa kitambaa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ziara moja yenye faida kuliko zote, kwa sababu kitambaa kikishapigwa hakuna anayejua kama ndani kuna viungo vya ulimi na tundu, ubao mmoja umechomekwa ndani ya mwingine na kutiwa gundi, au misumari mitupu. Mbao nazo ziwe zimekaushwa. Kwa fanicha ya ndani unyevu wa asilimia 8 hadi 12 ndio unaotakiwa, na mbao mbichi husinyaa ndani ya nyumba mpaka viungo vikaanza kulia.

Fundi alichelewa, kama mafundi wanavyochelewa. Rangi ya kitambaa ilitofautiana kidogo kati ya sofa na kiti cha bibi kwa sababu jora la kwanza liliisha. Mke anaiona kila akikaa, mume anasema haioni. Hasara hizi ni za kweli. Dukani wangepata seti inayofanana, siku hiyo hiyo.

Meza ya kulia waliipata iliyotumika, mbao ngumu, viti vinne badala ya sita. Waliinunua kwa haraka kwa sababu bei ilikuwa nzuri, na walipoanza kuitumia kulia chakula mabega yalikuwa yanapanda. Meza ilikuwa na kimo cha sentimita 78 na viti 45, pengo la 33, wakati kutoka kiti hadi juu ya meza panafaa pawe na 25 hadi 30. Walimwita fundi akakata sentimita 4 kila mguu, ikawa 74, na tatizo likaisha siku hiyo. Meza ya mbao halisi inavumilia marekebisho kama hayo. Ya chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, isingekubali, maana ukiikata mguu unaufungulia maji njia, na chipubodi ikinywa maji huvimba na hairudi.

Kabati la nguo lilikuwa ghali kuliko walivyopanga. Lililoweza kusimama chumbani, likafungwa ukutani, likawa na droo zinazobeba uzito, lilizidi kiwango chao, na walilipa. Sioni hapo kosa. Kiwango cha kitu kimoja kimoja kipo ili ukikivuka ujue umekivuka, na ujue unakata wapi. Wao walikata kwenye kabati la vyombo, ambalo hatimaye lilifutwa kabisa kwa sababu rafu za jikoni zilitosha.

Nikilinganisha orodha ya kwanza na vilivyomo ndani sasa, vitu vilivyotoka havikutolewa na mabishano. Vilitolewa na kuishi. Stendi ya televisheni ilifutwa televisheni ilipotundikwa ukutani. Meza ya katikati ilifutwa baada ya mtoto kuzoea kuchezea pale pale katikati. Ilibadilishwa na stuli mbili ndogo ambazo bibi anazitumia kunyooshea miguu na wageni kuwekea vikombe. Ununuzi wa zulia uliahirishwa mara kadhaa, na sasa hakuna anayelitaja. Mwezi wa kwanza, hakuna hata mmoja wao ambaye angekubali kukata chochote kati ya hivyo.

Kabati la vitabu bado halijanunuliwa. Ukuta wake umepimwa, kiwango chake kimeandikwa, na fundi ameshasema bei. Wanachobishania sasa ni kama liwe na milango ya kioo au liwe wazi, na mke amesema akishindwa hapo atachagua rangi yeye.